Ufini na Uswidi: Nani Mwenye Jeshi Lenye Nguvu?

(Hotuba iliyotolewa Helsinki ya mashariki kwenye mkutano wa wazazi na vijana wanaozungumza Kiswahili. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya wale ambao zamu za kazi ziliwazuia kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.)

Shikamooni wazee wangu. Mama zangu, dada zangu, ndugu zangu, habari za jioni. Na nyinyi vijana mliojipanga kule nyuma karibu na mlango, nawaona. Sogeeni mbele, maana habari ya leo ni yenu kuliko ya mtu mwingine yeyote humu ndani.

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo limekuwa likitugombanisha kwenye vikao vyetu vya chai tangu vita vya Ukraine vipambe moto mwaka 2022: kati ya Ufini na Uswidi, nani mwenye jeshi lenye nguvu? Tunao ndugu Stockholm, tunao Göteborg, tunao Malmö. Wakija huku harusini wanatutania: "Sisi ndege tunaunda wenyewe, nyinyi mnasubiri kuuziwa." Wetu nao hawanyamazi: "Nyinyi mna ndege, sisi tuna watu." Basi chai inapoa, ubishi unaendelea.

Lakini kuna swali la pili, na hilo halina utani. Mama mmoja aliyekaa hapa mbele aliniuliza: kwa nini mwanangu ameandikiwa barua ya jeshi akiwa na miaka 18, na binamu yake aliye Uppsala, Uswidi, wa umri uleule, hakuna aliyemgongea mlango?

Ndugu zangu, maswali hayo mawili ni swali moja.

Tuanze na hesabu, tuimalize haraka, maana najua kuna watu wamekuja nazo kwenye simu. Uswidi ina watu milioni 10.5 hivi, Ufini milioni 5.6. Bajeti ya ulinzi ya Uswidi inakaribia mara mbili ya ya Ufini. Uswidi ina ndege za kivita takriban 90 aina ya Gripen, kazi ya mikono yake yenyewe mjini Linköping. Ufini ina Hornet 60 hivi kutoka Marekani, na imeagiza F-35 64 za kuchukua nafasi yao. Uswidi ina nyambizi, Ufini haina hata moja. Uswidi ina ndege zilizobeba rada za kuona mbali, Ufini haina. Mtu akiishia hapo atasema mchezo umekwisha, twendeni nyumbani.

Haya, pinduka upande wa pili. Ufini, ukijumlisha mizinga ya kila aina na virusha roketi, inafika vipande 1,500 hivi, na husemwa mara nyingi kwamba hakuna nchi ya Ulaya Magharibi inayoifikia. Uswidi ina mzinga mzuri mno unaoitwa Archer, unajiendesha, unapiga na kuhama kabla adui hajajua risasi imetoka wapi. Lakini hata kabla haijaanza kuwagawia Waukraine, Archer zake hazikufika 50. Na watu je? Ufini ikipiga mbiu, jeshi lake la vita ni watu 280,000, na daftari lote la askari wa akiba lina majina 870,000 hivi. Uswidi, yenye watu karibu mara mbili, mwaka ilipojiunga na muungano wa kijeshi wa NATO haikufikisha watu 100,000, hata ukiwahesabu na walinda nchi wa kujitolea wa Hemvärnet.

Sasa nani mwenye nguvu? Mnaona orodha inavyotuchezea. Ukiisoma kutoka juu anashinda huyu, ukiisoma kutoka chini anashinda yule. Orodha inakwambia kilichomo ghalani leo. Haikwambii kimefikaje, na haikwambii nani atakibeba saa tisa usiku, theluji magotini, simu hazishiki.

Kwa hiyo nataka tutazame watu kwanza, halafu viwanda, halafu yaliyotokea pale mmoja wa majirani hawa alipoamua kupumzika.

Watu. Tarehe 30 Novemba 1939, ndege za Umoja wa Kisovieti zilidondosha mabomu juu ya mji huu huu tuliokaa. Ufini wakati ule ilikuwa na watu wasiofika milioni nne. Mpinzani wake alikuwa na watu zaidi ya milioni 150. Mtu yeyote mwenye akili timamu, akiwa na orodha mkononi, angesema wiki mbili zinatosha. Vita vile vilichukua siku 105.

Sikilizeni kisa kimoja tu, cha barabara ya Raate. Ni barabara nyembamba ya msituni, upande wa mashariki, karibu na Suomussalmi. Mwanzoni mwa Januari 1940 Divisheni ya 44 ya Jeshi Jekundu la Kisovieti ilikuwa imejipanga juu ya barabara hiyo kama msururu mmoja mrefu: vifaru, mizinga, malori, farasi, jiko la askari. Kulia msitu, kushoto msitu, theluji kiunoni, baridi inayogandisha mafuta ndani ya injini. Kifaru hakiwezi kugeuka. Lori haliwezi kupishana na lori. Wafini walitoka msituni kwa ski wakiwa wamevaa mashuka meupe, wakaukata msururu ule vipande vipande, kisha wakashughulika na kipande kimoja kimoja. Walipiga majiko kwanza. Mnaelewa maana ya kupiga jiko kwenye baridi ile? Divisheni ile ikasambaratika, na silaha zake zikawa za Wafini. Kamanda wake, Vinogradov, alipigwa risasi na serikali yake mwenyewe.

Na waliofanya hivyo walikuwa akina nani? Wengi wao walikuwa wakulima na wakata miti wa sehemu zile, askari wa akiba, watu waliokuwa wamepita mafunzo, wakarudi shambani, wakaitwa tena. Waliujua msitu ule kuliko ramani.

Ila tusije tukageuza vita kuwa hadithi ya sungura na fisi. Ufini ilishindwa. Amani ya Machi 1940 iliichukua Karelia na mji wa Viipuri, askari wapatao 25,000 walikuwa wamekufa, na watu zaidi ya 400,000 wakafungasha wakahama. Wapo humu waliotoka Uvira, Fizi na Bujumbura. Kuwaeleza nyinyi kufungasha ni nini kungekuwa utovu wa adabu. Nataka tu mjue kwamba bibi kizee wa Kifini anayekaa ghorofa ya juu yako, asiyesalimia kwenye lifti, huenda alizaliwa na mama aliyefungasha vilevile. Kwa Watanzania nitaongeza jina moja. Martti Ahtisaari, aliyekuwa balozi wa Ufini Dar es Salaam kuanzia mwaka 1973, baadaye akawa rais wa nchi hii, na mwaka 2008 akapata Tuzo ya Nobel ya Amani, alizaliwa Viipuri mwaka 1937. Alikuwa mtoto mdogo familia yake ilipoupoteza mji huo.

Kisha mwaka 1941 Ufini iliingia vitani tena, safari hii bega kwa bega na Ujerumani ya Hitler. Hapo sitapita kimya, kwa sababu Wafini wenyewe bado wanabishana nako. Walishindwa tena mwaka 1944, wakalipa fidia hadi mwaka 1952.

Na Uswidi ilikuwa wapi mwaka 1939? Hili nalo mliulize harusini. Uswidi haikukaa bure. Watu wake zaidi ya 8,000 walikuja kwa hiari. Ilituma bunduki, risasi, na ile mizinga midogo ya Bofors ya kutoboa vifaru. Ilileta ndege za kivita 12 aina ya Gladiator, karibu theluthi ya zote ilizokuwa nazo za aina hiyo ya kazi, pamoja na ndege nne za mabomu, zikalinda anga la kaskazini. Watoto wa Kifini wapatao 70,000 walipelekwa kulelewa huko miaka ya vita. Lakini jeshi lenyewe, kwa amri ya serikali, halikuvuka mpaka. Jirani alileta chakula, akaleta panga, akachukua watoto, ila yeye mwenyewe hakuingia uani.

Wafini walilichukua somo hilo wakaliweka mahali ambapo huwezi kulikosa: ndani ya sanduku lako la barua. Mvulana mwenye uraia wa Ufini, mwaka anaotimiza miaka 18, vuli ikifika anaitwa kwenye kutsunnat. Anapimwa afya, anaulizwa anataka nini, anapangiwa kambi. Halafu ni siku 165, au 255, au 347, kulingana na kazi aliyopewa. Asiyetaka kushika silaha anafanya utumishi wa kiraia wa siku 347. Wasichana wanaweza kujitolea tangu mwaka 1995. Karibu theluthi mbili ya wavulana wanamaliza utumishi wa kijeshi, na kwa mwaka wanaofunzwa ni watu elfu ishirini hivi. Kwa nyinyi mliopita JKT, Jeshi la Kujenga Taifa kule Tanzania, kwa mujibu wa sheria, mwanzo wake mtautambua: kunyolewa, kukimbia, kupigiwa kelele. Tofauti iko mwishoni, kwa sababu huku mwisho haupo. Ukitoka unaingia akiba, unaweza kuitwa tena kwa mazoezi, na jina lako linabaki daftarini kwa miongo.

Na si vijana peke yao. Wangapi humu mmewapeleka watoto kuogelea Itäkeskus? Nyanyueni mikono. Karibu wote. Mnajua mnaogelea ndani ya nini? Lile bwawa limechimbwa ndani ya mwamba, na siku ya hatari linageuzwa kuwa handaki la kukingia maelfu ya watu. Mnapoteremka zile ngazi na taulo begani, mnateremka ndani ya mpango wa vita. Nenda hata kwenye jengo lako, shuka kule chini mnakoweka baiskeli na masanduku ya zamani. Mlango mnene wa chuma, alama ya pembetatu ya buluu juu ya rangi ya machungwa. Nchi hii ina mahandaki ya namna hiyo yapatayo 50,500, yenye nafasi ya watu milioni 4.8. Sheria inadai kila jengo kubwa la kuishi lililojengwa upya liwe na lake. Kodi yako ya nyumba inalipia handaki, ndugu yangu, na umeweka ndani yake meza iliyovunjika mguu.

Hiyo ndiyo nguvu ya Ufini. Haipigwi picha vizuri.

Sasa viwanda, na hapa tuwape Waswidi haki yao, maana wanastahili. Wazee wetu mliotoka Katanga, nawageukia nyinyi. Mwaka 1961 Umoja wa Mataifa ulikuwa Kongo, Tshombe ameitenga Katanga na nchi, na angani kulikuwa na ndege za kijeti zenye umbo la pipa. Zilikuwa za Waswidi, zimetengenezwa Saab, Linköping, aina ya J 29. Mwishoni mwa Desemba 1962 ndege hizo zilishambulia uwanja wa Kolwezi, zikaharibu ndege za Tshombe zikiwa chini. Tafakarini hilo kidogo. Nchi yenye watu wasiofika milioni nane, isiyokuwa mwanachama wa kambi yoyote, iliweza kuunda ndege ya kijeti, kuirusha hadi Kongo na kuipigania huko. Mataifa mangapi yaliweza hivyo wakati ule?

Uswidi haikuwa na rafiki aliyeapa kuipigania, kwa hiyo iliamua kutengeneza kila kitu nyumbani. Mizinga Karlskoga. Magari ya deraya Örnsköldsvik. Nyambizi Malmö na Karlskrona. Hata bomu la nyuklia walilifanyia utafiti kwa miaka, mpaka walipoachana nalo na kutia saini mkataba wa kuzuia silaha hizo mwaka 1968. Mnaijua Uswidi ya amani na tuzo. Hiyo nyingine, yenye ndege zilizofichwa ndani ya milima na vijana wapatao sita wanaoijaza Gripen mafuta na makombora kando ya barabara ya kawaida kwa dakika kumi hivi, nayo ni Uswidi ileile.

Kuna kisa wanachokipenda sana wanamaji wao. Mwaka 2005 Marekani iliikodi nyambizi moja ya Kiswidi, HMS Gotland, pamoja na mabaharia wake, ikapelekwa San Diego. Kazi yake ilikuwa kuwa adui. Mazoezini nyambizi ile ndogo, yenye injini ya Stirling inayoiwezesha kukaa chini ya maji kwa muda mrefu bila kelele, ilipenya ulinzi wa manowari kubwa ya kubebea ndege, USS Ronald Reagan, ikaipiga picha, ikaondoka. Ingekuwa vita, ile picha ingekuwa topido, kombora la chini ya maji. Wamarekani waliongeza mkataba, wakakaa nayo mpaka 2007 wakijaribu kujifunza namna ya kuisikia.

Na kwa nini Ufini haina kitu kama hicho? Si uvivu. Pandeni feri mwende Suomenlinna wakati wa kiangazi. Pale ufukoni kuna nyambizi imeegeshwa nchi kavu, inaitwa Vesikko. Ingieni ndani. Ina urefu wa mita 40 hivi, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, na vitanda vimebanana na mirija ya kurushia topido. Baharia alilala na bomu lake kama mke na mume. Ufini ilikuwa na nyambizi tano wakati wa vita. Kisha ukaja Mkataba wa Paris wa mwaka 1947: nyambizi marufuku, jeshi la nchi kavu lisizidi watu 34,400, ndege zisizidi 60, meli zote za kivita kwa jumla zisizidi tani 10,000. Nyambizi zikauzwa kama chuma chakavu, ikabaki hiyo moja. Ufini ilitangaza kwamba mipaka hiyo ya kijeshi haina nguvu tena mwaka 1990, lakini ufundi wa miaka arobaini na kitu uliokatika haurudi kwa tangazo. Leo inajenga meli nne kubwa za kivita, korveti, kule Rauma, ni bora sana kwa bahari hii ya Baltiki, na Wafini ni mabingwa wa kutega mabomu ya majini. Chini ya maji, hata hivyo, Baltiki ya upande huu ni ya Mswidi.

Mpaka hapo mnaweza kudhani nitasema sare. Ngojeni.

Mwaka 1990 na kitu Vita Baridi viliisha. Urusi imedhoofika, askari wake hawalipwi, meli zinaoza bandarini. Majirani hawa wawili wakatazama dirisha lile lile. Mmoja akaona jua, mwingine akaona kwamba kwa sasa mvua imekatika.

Uswidi ikaanza kufunga. Enzi za Vita Baridi iliweza kuita watu wapatao 800,000. Regimenti baada ya regimenti ikafungwa, maghala yakauzwa, akiba ya chakula na dawa ya nchi ikaondolewa. Kambi zikawa vyuo na ofisi. Jeshi dogo, la kisasa, la kutumwa Afghanistan na Balkani, ndiyo iliyokuwa fasheni, na tuseme kweli, karibu Ulaya nzima ilivaa fasheni hiyo. Mwaka 2005 walikiondoa kikosi cha kudumu kisiwani Gotland, kisiwa kilichokaa katikati ya Baltiki kama ufunguo. Mwaka 2010 wakasimamisha utumishi wa lazima.

Ufini wakati huohuo ilikuwa sokoni. Ujerumani Mashariki ilikuwa imekufa, na jeshi lake limeacha mizinga, vifaru na risasi za kujaza mabehewa. Wafini wakanunua kwa bei ya kutupa. Baadaye Wajerumani wakachoka na vifaru vyao vya Leopard, Wafini wakanunua. Mwaka 2014 Waholanzi nao wakawa wanamaliza vyao, Wafini wakanunua 100. Watu waliwacheka: mnafanya nini na mitumba ya vita ambavyo havipo? Sisi wa Manzese na Gikomba tunajua, mtumba uliochaguliwa vizuri unadumu. Na ile barua ya vuli iliendelea kutoka. Kila mwaka. Hata mwaka mmoja haikukatika.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Mwishoni mwa mwaka 2012 mkuu wa majeshi ya Uswidi, Jenerali Sverker Göranson, alisema hadharani kwamba nchi yake, ikishambuliwa mahali pamoja kwa lengo dogo, inaweza kujitetea kwa takriban wiki moja. Wiki moja! Nchi nzima ikashikwa na bumbuwazi. Na kabla mjadala haujapoa, ikafika Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013. Usiku. Ndege za mabomu za Urusi, zikisindikizwa na ndege za kivita, zikaja juu ya bahari zikielekea upande wa Gotland, zikafanya mazoezi yake, zikageuka. Nani aliruka kwenda kuzitazama? Gripen zilikuwapo, nzuri, za kisasa, zimelala. Marubani walikuwa nyumbani kwa Pasaka. Zilizoruka zilikuwa F-16 za Denmark, kutoka Lithuania.

Nauliza: usiku ule Uswidi ilikosa nini? Ndege? Ilikuwa nazo. Fedha? Ilikuwa nazo. Rada iliona kila kitu. Ilikosa mtu aliye macho, basi.

Tangu hapo wamekuwa wakirudi kwa mbio, na Mswidi akikimbia anakimbia kweli. Askari walirejea Gotland mwaka 2016. Utumishi wa lazima ukafufuliwa mwaka 2017, vijana wa kwanza wakaingia mwaka uliofuata, wapatao 4,000, na safari hii wasichana wanaitwa sawa na wavulana, jambo ambalo Ufini bado inalizungukazunguka. Lengo ni kufika 10,000 kwa mwaka ifikapo 2030. Lakini angalieni kinachowasumbua. Kijana wa kufunzwa anahitaji sajini wa kumfunza, sajini anahitaji kambi, kambi ilishauzwa. Ndege unaagiza leo unapewa baada ya miaka kadhaa. Kizazi kizima cha wanaume waliokulia miaka ile bila kulala msituni na bunduki, huwezi kuagiza mbadala wake popote. Sufuria hununuliwa kwa siku moja, mpishi huchukua miaka.

Mama yangu, hapo ndipo lilipo jibu lako. Binamu wa Uppsala naye aliandikiwa. Kila kijana wa Uswidi wa miaka 18, wa kike na wa kiume, anatakiwa kujaza fomu ya maswali. Ila huko wanaojaza ni zaidi ya laki moja, na wanaochukuliwa ni elfu chache, wale wanaoonekana wanafaa na mara nyingi wanaotaka. Huku mlango ni mpana, wanaingia walio wengi. Uswidi inachagua, Ufini inazoa.

Haya, mmekuja kutafuta mshindi, siwezi kuwarudisha mikono mitupu. Vita vikianza kesho asubuhi, nchi kavu, kwenye mpaka ule wa kilomita 1,340 na Urusi, mimi nachagua Ufini bila kufikiri mara mbili. Vita vikiwa vya baharini, vya kulinda meli za mafuta na nyaya zilizolazwa chini ya Baltiki, nachagua Uswidi. Vikidumu miaka mitatu, minne, kama tunavyoona Ukraine, ambapo kila mwezi unataka ndege nyingine, mzinga mwingine, injini nyingine, basi viwanda vya Uswidi vinaanza kupanda bei, ingawa Ufini nayo inatengeneza risasi na baruti zake, na Waswidi wenyewe wamenunua magari ya deraya ya Patria kutoka hapa. Ukinibana nitaje mmoja tu, nitataja Ufini, kwa sababu yale ambayo Uswidi inayo, Ufini inaweza kuyanunua, na yale ambayo Ufini inayo, Uswidi inaanza kuyajenga upya sasa. Mzee wangu pale anatikisa kichwa. Dakika zako zinakuja, mzee.

Lakini ubishi huu wenyewe umeanza kuzeeka. Tarehe 18 Mei 2022 mabalozi wa nchi hizi mbili walipeleka maombi ya NATO pamoja, siku moja. Uturuki na Hungaria zikawatenganisha kidogo: Ufini iliingia tarehe 4 Aprili 2023, Uswidi ikasubiri mpaka 7 Machi 2024. Sasa Uswidi ndiyo nchi kiongozi wa kikosi cha NATO cha nchi kavu kinachopangwa Lapland, kaskazini mwa Ufini, kwenye miji ya Rovaniemi na Sodankylä. Jirani aliyebaki upande wa pili wa uzio mwaka 1939 safari hii anaingia uani. Hata jikoni hawatagombana: majeshi yote mawili, Alhamisi ni supu ya njegere, Wafini ya kijani, Waswidi ya manjano. Mtaniambia ina nguruwe. Ndiyo, ila asiyekula hupikiwa ya kwake, aandike mapema tu.

Nimalizie na mambo ya karatasi, maana ndiyo yatakayowafuata nyumbani. Barua ya kutsunnat ikifika, isikae juu ya friji. Asiyekwenda bila sababu anaweza kufuatwa na polisi. Kuwa na pasipoti ya pili ya Kenya, Burundi au kwingine hakumwondolei wajibu kijana anayeishi hapa. Na aliyepata uraia akiwa na miaka 24 au 27 asidhani umri umempita. Hesabu yake inakwenda mpaka miaka 30. Ugonjwa wowote, hata wa moyo kuwa mzito tu, uandikwe kwenye fomu na usemwe mbele ya daktari, mzazi asimfundishe mtoto kuficha. Ombi la utumishi wa kiraia linaweza kupelekwa wakati wowote, kabla ya kuingia kambini au baada. Vijana wetu wawili waliotoka kambi ya Santahamina wamekaa meza ile ya dirishani, wamekubali kubaki mpaka saa mbili. Waulizeni wao kuhusu ndala, blanketi na usingizi. Mimi niulizeni kuhusu mizinga. Mzee, karibu, anza wewe.